Sikio la Boga

Bibigul aliweka sinia mbele ya profesa mzee, akafunua. Mahali pa kichwa cha kondoo, anachoandaliwa mzee wa meza, palikuwa na boga zima, limeokwa kwa siagi hadi ganda likang'aa.

Bwalo zima likageuka kutazama. Jumatatu bila nyama ilikuwa ndiyo kwanza inaanza pale chuoni Almaty, na profesa aliipinga kuliko wote. Akisusa yeye, wote watasusa.

"Mama mpishi, kondoo wako huyu kanyolewa mpaka masikio?"

"Huyu hachafui hewa, Profesa," akadakia msichana wa mwaka wa kwanza, aliyezunguka mabweni akikusanya saini za kupunguza nyama ili kulinda mazingira.

Profesa akashika kisu. Desturi ya huko inamtaka mzee wa meza amkatie mdogo wao sikio la kondoo, apate kuwasikia wakubwa. Akachonga kipande ubavuni mwa boga, akampa msichana.

"Haya, sikio lako hilo. Usikie wazee."

Watu wakaangua kicheko. Bibigul hakucheka, alikuwa anakitazama kisu, kilichorudi kwenye boga upande wa pili. Kipande cha safari hii kilikuwa kinene. Profesa akakitia kinywani, siagi ikamchuruzika ndevuni.

"Na hilo la nani?" Bibigul akauliza.

"Langu," akajibu, mdomo umejaa. "Mimi ndiye nisiyesikia."