Tiketi ya Kurudi

"Bila tiketi ya kurudi, Waingereza hawatawaruhusu kuingia," karani wa ofisi ya safari mjini Nyeri alisema. "Hata mtoto. Mtarudi lini?"

Kabura alimtazama binti yake. Ngazi chache tu zilikuwa zimemmaliza pumzi, na midomo yake ilikuwa ya buluu. Daktari alikuwa amemwambia mama peke yake kwamba upasuaji wa moyo huko London ulikuwa wa kujaribu tu.

"Mama, sema kabla ya Krismasi," mtoto alisema. "Niko na wimbo wa kuimba kanisani."

Karani alingoja, kalamu mkononi.

Kabura alimfunika binti yake masikio kwa viganja, kama anayemkinga na baridi.

"Akifia huko," aliuliza, "hiyo tiketi itamleta nyumbani?"