Goliathi Hajapigwa

Jiwe la Daudi, donge la karatasi, lilipita kando ya sikio langu likagonga ubao. Mimi, Goliathi wa igizo tulilokuja nalo kanisa zima mpaka shule hii ya ugenini, nikajitupa chini puu!

Darasa likapiga makofi. Daudi hakupiga. Alikuwa msichana mdogo kuliko wote darasani, tuliyempa nafasi hiyo pale pale. Akanijia, akanisukuma bega kwa ncha ya kiatu, akasema jambo kwa lugha yao.

"Anasema uinuke," mwalimu wao akanitafsiria, akibana kicheko. "Hajakupiga bado."

Mchungaji wetu akaninong'oneza: "Lala hapo hapo, kaka. Mtoto wa watu asije akakosa tena mbele ya wenzake. Tumekuja kuwatia moyo."

Nikamtazama yule mtoto. Alikwisha kuliokota jiwe lake na alikuwa akilikaza upya, ulimi nje.

"Moyo anao, mchungaji," nikasema, nikainuka na kujipangusa vumbi.

Nikatanua kifua. Daudi akarudi nyuma, akapita pale alipokuwa amesimama mwanzo, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kisha akaanza kuzungusha kombeo.