Ujasiri wa Mtoto wa Mpishi

Mwalimu alifuta neno "ujasiri" kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne karani akalirudisha.

"Mwalimu, neno hili limekukosea nini?" karani aliuliza. "Mchapaji anakuja kuchukua kitabu saa nane."

Kilikuwa kitabu cha jubilei ya shule, miaka hamsini. Mwalimu alikuwa amestaafu, lakini hakuna mwingine aliyeijua historia yote: madarasa matatu ya bati waliyoanza nayo watawa, kisima, kanisa dogo, kisha maabara, kisha mabweni. Sasa wanafunzi walikuwa mia tisa, nusu wavulana, nusu wasichana.

Ukurasa wa kumi na mbili ndio uliomshinda. Ulisema: "Mwaka wa tisa, kwa ujasiri wa mtoto mmoja wa mpishi, shule yetu ikawa ya mchanganyiko."

Mtoto huyo alikuwa yeye mwenyewe. Kesho jina lake lingeandikwa kwa rangi kwenye bweni jipya.

Akaichukua karatasi, akavuka uwanja hadi jikoni.

Pacha wake alikuwa anakoroga maharage kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Jiko lilikuwa lilelile alilopikia mama yao, na ukuta wake ulikuwa na masizi yaleyale.

"Mheshimiwa amekuja kuonja chumvi," pacha wake alisema bila kugeuka. "Au bweni lako limeanguka kabla ya kupakwa rangi?"

"Pacha, acha mwiko kidogo. Nina neno."

"Maharage hayajui jubilei, yataungua. Wewe sema, masikio hayakorogi."

Mwalimu akamsomea ukurasa. Ilipofika habari ya sare, pacha wake akacheka.

"Hakukuwa na hata moja ya kukufaa. Ikabidi fundi aletwe akupime. Mama alicheka wiki nzima."

Mwalimu hakucheka. Aliikumbuka siku ile: darasa zima lilivyogeuka kumtazama, kicheko hadi mtawa akagonga meza, choo cha peke yake kilichochimbwa haraka nyuma ya sakristia ya kanisa. Akaikumbuka na barua. Mtawa aliyeianzisha shule alikuwa ameiacha mezani kabla ya kufa, mstari mmoja tu: "Nafasi moja iwe ya mtoto wa mpishi." Mkuu mpya aliisoma, akavua miwani, akamtazama kwa muda mrefu. "Neno la marehemu halibatilishwi," alisema mwishowe, akamwandika.

"Barua haikutaja jina," Mwalimu alisema.

"Haikutaja. Mama akasema, 'Mimi nina watoto wawili na nafasi ni moja.' Wewe ukasema marehemu alikuchagua. Basi, ukaenda, mimi nikabaki na Mama hapa." Akaonja maharage, akaongeza chumvi. "Shule nyingine ilikuwa mwendo wa siku mbili. Ningekwenda na nani?"

Mwalimu akakaa juu ya gunia. Dhambi hii alikwisha kuiungama kwa mapadri watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Wote walimpa kitubio kilekile: nenda kwa mwenyewe ukamwambie.

"Hakunichagua mimi," alisema.

Mwiko ukapunguza mwendo.

"Siku ile marehemu alipokuwa kitandani aliniita dirishani, akanituma. 'Mwambie pacha wako afungashe.' Ndivyo alivyosema. Wewe ndiye uliyekuwa unakariri sala zake za Kilatini huku unakata vitunguu. Mimi hata moja sikuimaliza. Nikawa nakuja kukwambia, Pacha, nakuapia nilikuwa nakuja. Nilipofika mlangoni nikasikia mdomo wangu unasema ni mimi."

Mwiko ukasimama. Maharage yakaendelea kutoa mapovu, pu, pu, pu. Kengele ikalia nje, wanafunzi wakatoka madarasani wakisukumana na kuitana.

"Nitamwambia karani aandike upya," Mwalimu alisema. "Jina la bweni liwe lako. Sema lolote. Nitukane."

Pacha wake hakumtukana. Alifuta mvuke usoni kwa ncha ya khanga yake, akafuta tena, ingawa uso ulikuwa umekwisha kukauka.

"Kumbe," alisema taratibu. "Miaka arobaini na moja najiuliza, kaka. Shule ya wasichana watupu, itamwachaje msichana imchukue mvulana?"

Dada yake akaushika tena mwiko.

"Nikajiambia, lazima mimi nilikuwa mjinga sana."