Diski ya Waya Mpana

Komeo la mlango wa jikoni liligonga chuma kabla hakujapambazuka. Fundi akaruka kitandani, akasimama wima kando ya godoro, mikono nyuma, macho sakafuni, akingoja kuhesabiwa.

"Ni mimi, kaka," dada yake alisema taratibu kutoka upande wa pili wa pazia. "Natoka kuchota maji. Wewe lala."

Hakulala. Alikunja blanketi pembe kwa pembe, kama alivyozoeshwa gerezani, akaketi kungoja mwanga.

Mtaani dada yake alikuwa ameeneza habari kwamba kaka yake alikuwa kazini ng'ambo miaka yote hiyo. Ulikuwa uongo wa mapenzi. Shemeji aliumeza kwa sharti moja: mwezi ukiisha, fundi awe na kazi, la sivyo atafute pengine pa kutandika godoro lake. Na nani angemkaribisha fundi sebuleni akijua ametoka wapi?

Ndiyo maana mama mmoja mtu mzima alipopiga hodi na kuuliza kama hapa ndipo anapokaa yule fundi wa kompyuta aliyerudi, dada nusura amkumbatie. Mama yule hakuuliza karudi kutoka wapi. Alitaka kompyuta ya mezani, ya bei nafuu, mradi tu iweze kusoma diski iliyotoka kwenye mashine ya zamani ya mwanawe. Akaitoa mkobani, imeviringishwa kwenye kitambaa kilichopigwa pasi.

Dukani, fundi alitaja vifaa vya enzi zake kimoja baada ya kingine, na muuzaji akaangua kicheko.

"Mzee, hivyo tulishavizika. Kwani ulikuwa wapi?"

"Mbali."

Muuzaji akamwangalia, akaacha kucheka. Akamweleza polepole jinsi memori zilivyobadilika, ubao mkuu upi unakubali prosesa ipi, bila kumfanya ajione mjinga. Alipoiona ile diski, ya aina inayotumia waya mpana ambao mashine mpya haziujui tena, aliinama akapekua droo ya chini kabisa, akaibuka na kiunganishi kidogo. Akakipuliza vumbi, akampa bure. Fundi alikaa nacho kiganjani kitambo. Ilikuwa zamani tangu mtu ampe kitu hivihivi.

Zikabaki prosesa mbili, zimefanana kama mapacha, moja rahisi kuliko mwenzake. Akachukua iliyo rahisi, kwa kuuonea huruma mkoba wa yule mama.

Aliiunga mashine sebuleni kwa mama, juu ya meza iliyofutwa mpaka ikang'aa. Akabonyeza. Feni zikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Akafungua, akachomoa, akachomeka upya. Cheusi vilevile. Shati likamganda mgongoni, mpaka alipolisoma tena boksi la prosesa ndipo akaelewa. Enzi zake picha ilitoka kwenye ubao mkuu; siku hizi hutoka ndani ya prosesa, na ile aliyoichagua yeye haikuwekewa sehemu ya picha. Kumbe urahisi wake ulikuwa huo.

Alikiri kosa huku akitazama kandambili za yule mama. Tangu siku za kesi yake alikuwa ameacha kuwatazama watu usoni.

Mama hakukasirika. Alimmiminia chai, akamsogezea mkate, akaipuliza mwenyewe ile chai ipoe.

"Kaibadilishe, mwanangu. Mimi sina haraka. Nimeshangoja miaka."

"Kwani mwanao yuko mbali, mama?"

"Mbali."

Alilitamka neno hilo kama yeye alivyolitamka dukani, na fundi akaona wameelewana. Ukutani, juu ya kiti cha mama, pampu ya baiskeli ilining'inia kwenye msumari, imefutwa vumbi. Baiskeli yenyewe hakuiona popote.

"Ikiwaka tu," mama aliongeza, "majirani wote nitawaambia wewe ni nani."

Jioni ile fundi alimsimulia dada yake neno kwa neno. Shemeji, aliyekuwa akisikiliza huku anavua viatu, alinyanyuka akampisha kiti chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake muuzaji alimbadilishia prosesa, akamtoza nyongeza kidogo tu. Safari hii kioo kikawaka, na sebule nzima ikapata rangi ya buluu. Akaweka programu zote, akaiunga ile diski kwa kile kiunganishi cha bure. Ikakohoa kama mtu aliyeamshwa, ikanyamaza, kisha ikaanza kuzunguka. Folda ya picha ikajitokeza.

Mama alivuta kiti akaketi nyuma yake, karibu sana.

"Fungua wewe, mwanangu. Macho yangu mazito."

Akafungua.

Kijana juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, anamcheka mpiga picha. Fundi aliijua picha hiyo. Alishaiona ikiwa ndogo, imebandikwa kwenye karatasi mezani kwa hakimu, siku aliyokiri kwamba alikuwa akiendesha gari amelewa na kwamba hakuona baiskeli yoyote barabarani.

Akageuka, akainua macho usoni kwa mama. Kidevu ni kilekile, na mwanya uleule.

Alitaka kusimama. Mkono wa mama ukatua begani kwake, mwepesi, ukamrudisha kitini, kisha ukamsogezea kikombe cha chai.

"Majirani bado sijawaambia kitu," alisema kwa upole uleule. "Picha ziko nyingi, na mimi napenda kuziangalia moja moja. Njoo tena kesho, mwanangu."