Shangwe Kutoka Ng'ambo

Siku ya harusi ya bintiye, Akai alipika pilau kwenye sufuria iliyofuliwa kutokana na chuma cha bunduki ya marehemu mumewe. Upande huu wa mto, sheria ilikwisha kuyeyusha bunduki zote zikawa vyombo vya jikoni.

Vigelegele vilipopamba moto, wakwe wakatokea ng'ambo, ambako bunduki bado ni ruksa. Kabla ya kuvuka daraja wakafyatua risasi hewani, kama ilivyo desturi yao.

Akai akajikuta kifudifudi, mwiko mkononi, na watu wazima wote wamelala chini.

"Mama, samahani! Ni shangwe tu!" bwana harusi akapaza sauti.

Waliolala chini wakatazamana, wakaangua kicheko. Akai akajipangusa vumbi, akageuka kuwatafuta watoto. Walikuwa wanakimbilia darajani, wakipiga makofi: "Tena! Tena!"