Mkorosho wa Sitini na Moja

“Umebaki mmoja tena,” alisema Agape, akainua macho kutoka kwenye simu. Ndiye mjukuu aliyeaminiwa kugawa. Anafundisha hesabu Naipingo.

Walikuwa wametandika mikeka shambani Lionja, wagawane mikorosho ya marehemu Eustakio. Mikorosho sitini na mmoja, watoto sita: wawili wa marehemu mke wa kwanza, waliokuja kutoka Ruangwa, na wanne wa Albina, mjane.

“Gawa kwa nyumba mbili,” alisema Gaudens, mdogo wake marehemu.

“Thelathini, thelathini. Mmoja unabaki.”

“Binti yetu Makrina kaolewa Mnero, kasema hataki. Weka watano.”

“Kumi na miwili kila mtu, babu. Unabaki mmoja. Hata wangekuwa watatu, hata wanne, ni mmoja tu.”

“Basi mtie na shemeji, wawe saba.”

“Hapo ndiyo balaa kabisa, inabaki mitano!”

Watu wakacheka. Albina hakucheka. Akilini alikuwa anamwona mumewe, kila baada ya mvua kubwa, anazunguka shamba akihesabu kwa kidole. Mti ukianguka, wiki hiyohiyo anapanda mwingine. Mche ukijiotea wenyewe, anang’oa. “Sitini na miwili siitaki,” husema, wala hasemi kwa nini. Sitini aliipanda kwa mistari iliyonyooka. Mmoja aliupanda peke yake kando ya kichuguu, mwaka ule waliooana, alipofyeka pori hili walilopewa na mama yake Albina. Na Albina, miaka thelathini na minne, hakuwahi kuokota korosho hata moja chini ya mti ule.

Gaudens akajipiga paja. “Kaka alikuwa na mtoto wa nje! Ule wa kichuguuni kamwekea huyo. Mimi sitaki kesho mtu atutokee hapa na cheti cha kuzaliwa. Ung’olewe na kisiki chake, tugawane sitini, yaishe.”

Wanawake wakamtazama Albina kwa huruma. Alitaka kitu kimoja tu: mti ule usiguswe.

“Shemeji, uacheni. Nakuomba.”

“Mpaka leo unamfichia tu! Ignasi, chukua jembe.”

Ignasi, mkubwa wa wale wa Ruangwa, akainuka na jembe begani. Albina akamfuata, khanga ikiburuzika, mpaka kwenye kichuguu. Upepo haukuwepo, lakini majani makavu chini ya mti yalikuwa yanachakacha. Nyuma yao sauti za mikekani zilisikika kwa mbali, kama za watu wa kijiji kingine.

Ignasi akachuchumaa. Akalilaza jembe chini polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

“Mama,” alinong’ona, “hapa hachimbi mtu. Baba aliniachia neno, kwamba aliiweka sitini na mmoja ili mti huu usiingie kwenye fungu la yeyote, asije mtu akaukata. Alipofyeka hapa alifukua chungu, vile wanawake wanavyozikia kichanga aliyezaliwa bila kulia. Kilifungwa kwa khanga aliyokuwa amekuona nayo kanisani. Akakirudisha palepale, akapanda mkorosho juu yake. Harusi yenu ilikuwa bado wiki tatu.”