Kitoweo cha Wakwe

Faki alitaka wakwe wa mwanawe wale samaki wa kila aina, changu, pono, chewa na tasi, katika nyumba yake mpya. Akamwita Mwanamvua aje kupika, maana mchuzi wake wa nazi hauna mshindani. Alikwisha kusahau kwamba mwamba alioubomoa apate mawe ya kujengea ndio mwamba aliokuwa akivulia Mwanamvua, na siku Mwanamvua alipomsihi auache, Faki alimjibu, "Bahari kubwa hii. Samaki hawakosi pa kuhamia."

Mwanamvua alitua bakuli kubwa mkekani. Mkwe mzee alipiga bismillahi, akafunua kawa. Ndani ya mchuzi mzito lilikaa jiwe la tumbawe, limejaa matundu.

"Nini hiki?" Faki aliuliza.

"Kitoweo, Bwana Faki. Kila tundu lilikuwa na mwenyewe. Mapango makubwa ya chewa, haya madogo ya tasi. Mwamba ulipokuwa mzima nilikuwa nachagua. Ulivyousawazisha, hata dagaa hapiti."

"Umeniaibisha mbele ya wakwe zangu."

"Nimekuja kwa hilo."

Mkwe mzee aligusa jiwe kwa kidole, akauliza taratibu, "Na hili umelitoa wapi, mama, kama mwamba hakuna tena?"

Mwanamvua alielekeza mwiko jikoni. Mtaimbo wa Faki, ule aliobomolea mwamba, ulikuwa umeegemea ukuta mpya, na kando yake palikuwa na tundu la kupita kichwa. Kupitia tundu hilo bahari ilionekana, imetulia, nyeupe kama sahani iliyolambwa.